Maji ya Kununua na Jirani Asiye na Bomba

Biblia inazungumza zaidi ya mara moja juu ya watu wanaonunua maji kwa fedha. Katika Kumbukumbu la Torati 2:6 wana wa Israeli wanapita kando ya nchi ya wana wa Esau, ndugu zao, na Mungu mwenyewe anawaagiza wasichukue kitu bure: chakula wakinunue, na maji ya kunywa wayanunue. Katika Maombolezo 5:4 watu wa taifa hilohilo, baada ya Yerusalemu kuanguka, wanamlilia Mungu kwamba sasa wanayalipia hata maji yaliyokuwa yao. Tendo ni moja. Mtu anatoa fedha, anapewa maji. Lakini mahali pa kwanza tendo hilo ni utii, na mahali pa pili ni kilio.

Tofauti iko wapi? Haiko kwenye fedha, maana fedha ilitolewa kote kuwili. Jangwani Israeli walikuwa wapita njia wenye uwezo wa kuzunguka. Na Edomu walipowakatalia, kama tunavyosoma katika Hesabu 20, waligeuka wakashika njia nyingine. Yerusalemu hapakuwa na njia nyingine. Mwenye kisima alikuwa mwenye nguvu, na mnunuzi hakuwa na pa kwenda. Mtu mwenye kiu asiye na pa kwenda hawezi kujadiliana bei.

Tumeanza na maandiko haya mawili kwa sababu kila inapozuka hoja ya kampuni binafsi kukabidhiwa maji ya mji, sisi Wakristo hukimbilia moja ya majibu mawili. Wengine husema: maji ni zawadi ya Mungu, asiyauze mtu. Wengine husema: bomba lina gharama, anayetaka maji alipe. Kila upande una andiko lake, na kila upande huacha swali lenyewe bila kuliuliza. Swali ni hili: serikali inapoisimamia kampuni inayouza maji, inawajibika kwanza kwa nani? Kwa kampuni iliyoweka mtaji? Kwa mteja anayelipa ankara? Au kwa kaya ambayo bado haina bomba wala choo kinachofaa?

Jibu letu katika makala hii ni kwamba haki ya usimamizi huo hupimwa kwa kaya iliyo nje ya bomba. Bei nafuu kwa aliye ndani ni jambo jema, lakini peke yake inaweza kuwa dhuluma iliyovaa nguo nzuri.

Jiwe juu ya kisima

Katika Mwanzo 29 Yakobo anafika kwenye kisima cha shambani na kukuta makundi matatu ya kondoo yamelala kando yake. Kisima kimefunikwa kwa jiwe kubwa. Anawauliza wachungaji kwa nini hawanyweshi mifugo yao, na wao wanamjibu kwamba hawawezi mpaka makundi yote yakusanyike. Ndipo jiwe litakapovingirishwa. Ukisoma haraka utaona uvivu wa wachungaji. Ukisoma tena utaona kanuni. Aliyetangulia kufika kisimani alikuwa na wajibu kwa yule ambaye bado yuko njiani, na lile jiwe liliwekwa ili aliyewahi asijichotee kana kwamba hakuna anayekuja nyuma yake.

Maji ya mji yana tabia ileile ya kisima kimoja. Wauza nyanya wanaweza kuwa kumi sokoni, nawe ukamwacha mmoja ukaenda kwa mwingine. Lakini hakuna mji utakaochimba mitaro kumi katika mtaa mmoja ili kampuni kumi zilaze mabomba kumi na kukuuliza unataka maji ya nani. Bomba ni moja, mtambo ni mmoja, muuzaji ni mmoja. Awe kampuni ya kigeni, ya kizalendo au shirika la umma, mbele yake sisi sote tuko katika hali ya wale wa Maombolezo: hatuna pa kwenda. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa tatu mwenye mamlaka juu ya jiwe, ambaye si muuzaji wala mnunuzi. Huyo ndiye tunayemwita mdhibiti.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Mwaka 1524 Martin Luther aliandika kitabu juu ya biashara na riba. Humo alikataa msemo wa wafanyabiashara wa siku zake kwamba mtu ana haki ya kuuza kwa bei yoyote ile anayoweza kuipata. Hakukataa faida, alisema mfanyabiashara anastahili riziki ya jasho lake na ya hatari anazobeba. Akasema njia bora ni serikali kuteua watu wenye hekima na uaminifu wapime gharama na kupanga bei, ili muuzaji aishi na mnunuzi asinyonywe. Kisha akaongeza kwa uchungu kwamba hatarajii hilo litokee, kwa sababu Wajerumani wana shughuli nyingi mno za kunywa na kucheza ngoma. Katika Katekisimu Kubwa, akiifafanua amri ya saba, alirudia kwamba watawala wanapaswa kuwa na macho na ujasiri wa kuweka utaratibu katika biashara, maskini wasije wakaelemewa.

Hivyo tusidhani udhibiti ni jambo la wahandisi na wahasibu tu. Mungu hutawala kwa mikono miwili. Kwa mkono wa kuume anatuita kwa Injili, na kwa mkono wa kushoto anatulinda kwa sheria, mahakama na ofisi za serikali. Ofisa anayekagua bei ya maji, kama anaifanya kazi yake kwa uaminifu, anatenda kazi ya Mungu hata kama hajui.

Yaliyotokea Dar es Salaam

Nchi yetu ina historia yake katika jambo hili. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika mkoa wa Dar es Salaam, lakini kaya zilizounganishwa na mtandao wa maji zilikuwa takriban laki moja tu. Waliobaki walinunua maji kwa ndoo na madumu, kwa jirani mwenye bomba, kwa mwenye kisima au kwa wasukuma mikokoteni. Hali hiyo haikuletwa na kampuni binafsi. Ilikuwapo chini ya shirika la umma, na tukisema ukweli wote inabidi tuseme na huo.

Agosti 2003 uendeshaji ulikabidhiwa kwa City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa Kitanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Mabomba na mitambo iliendelea kuwa mali ya DAWASA. Kampuni ilikuwa iendeshe, ikusanye malipo na kulipa kodi ya ukodishaji. Katika bei ya maji iliwekwa pia tozo ya kusaidia kuunganisha kaya mpya. Kwenye karatasi, basi, jirani asiye na bomba alikumbukwa.

Miaka miwili haikutimia. Mei 2005 serikali iliuvunja mkataba. Serikali ilisema kampuni haikutimiza ilichoahidi. Kampuni ilisema takwimu ilizopewa kabla ya zabuni hazikuwa sahihi. Shauri lilipelekwa kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, na mwaka 2008 baraza liliamua kwamba serikali ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyoiondoa kampuni, lakini halikuamuru ilipwe fidia hata senti, kwa kuwa hali mbaya ya kampuni haikuwa imesababishwa na kuondolewa kwake. Kila upande ulipata cha kujivunia kidogo.

Lakini angalieni ni nani hakuwamo ndani ya chumba kile. Kampuni ilikuwa na mawakili wake, na serikali ilikuwa na mawakili wake. Yule mama wa Manzese aliyekuwa akinunua dumu asubuhi na jioni hakuwa mshtaki wala mshtakiwa. Hakuwa mteja, kwa hiyo hakuwa na ankara ya kulalamikia. Na mdhibiti, ambaye angemsemea wakati mkataba ukiendelea, alikuwa hajaanza kazi. Sheria ya kuunda Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilipitishwa mwaka 2001, lakini mamlaka yenyewe ilianza kazi mwaka 2006, wakati kampuni imekwisha kuondoka. Jiwe lilikuwa kando, kisima kikawa wazi, na waliogombana ni waliokuwa wamekwisha kufika.

Mji mwingine

Mkataba wa Dar es Salaam ulidumu muda mfupi mno kutufundisha yote. Kwa hiyo tutazame mji ulioishi na kampuni binafsi ya maji kwa zaidi ya miaka kumi, chini ya mdhibiti aliyekuwapo tangu mwanzo: Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina.

Mwaka 1993 maji na majitaka ya mji huo yalikabidhiwa kwa kampuni iliyoongozwa na Wafaransa, kwa mkataba wa miaka 30. Ushindani wa zabuni ulikuwa juu ya nani atashusha bei zaidi, na bei ilishuka. Wenye mabomba walifurahi. Lakini gharama ya kupanua mtandao ilibebeshwa kaya mpya. Aliyetaka kuunganishwa alitakiwa kulipa tozo ya miundombinu ambayo, kwa familia nyingi maskini za pembezoni, ilizidi kipato cha mwezi mzima. Tazameni jinsi bei iliyoonekana ya haki ilivyofanya kazi. Aliyekuwa ndani alipunguziwa, na aliyekuwa nje alipelekewa ankara ya ukuta uliomzuia kuingia. Wengi hawakulipa, kampuni ikakosa mapato yake, na upanuzi ukayumba.

Mwaka 1997 utaratibu ulibadilishwa. Ile tozo kubwa ya walio nje iliondolewa, na mahali pake pakawekwa mchango mdogo katika ankara ya kila mteja, kwa ajili ya kuwafikia ambao hawajafikiwa. Aliyekwisha kunywa akaambiwa asaidie kuvingirisha jiwe kwa ajili ya anayekuja.

Je, ilileta tofauti yoyote ya maana mtu kuunganishwa? Mwaka 2005 wachumi watatu, Galiani, Gertler na Schargrodsky, walichapisha utafiti juu ya vifo vya watoto nchini Argentina katika miaka hiyo. Walikuta kwamba katika maeneo ambayo huduma ya maji ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 8, na katika maeneo maskini zaidi vilipungua kwa asilimia 26. Walionufaika zaidi ni wale ambao hapo kwanza hawakuwa na kitu. Nyuma ya asilimia hizo ni watoto ambao majeneza yao hayakuchongwa.

Hatusemi hayo ili kuisifu kampuni. Upande wa majitaka ulibaki nyuma sana, mitaa isiyopimwa na isiyo na hati iliachwa kwa muda mrefu, na sarafu ya nchi ilipoporomoka mwaka 2002 ugomvi wa bei ukawa mkubwa mpaka serikali ikauvunja mkataba mwaka 2006 na kuunda shirika la umma. Tunachosema ni kwamba chini ya kampuni ileile, kanuni moja iliwafungia maskini nje na kanuni nyingine iliwafungulia. Anayebishana juu ya jina la mwenye bomba tu, bila kuuliza juu ya kanuni, anabishana na nusu ya jambo.

Nao mji wa Cochabamba, Bolivia, unatupa upande wa pili wa somo hilo. Huko bei zilipandishwa kabla huduma haijaboreka, watu wakaingia barabarani, na Aprili 2000 kampuni ya kigeni ikaondoka. Ulikuwa ushindi wa kweli wa wanyonge. Lakini kwa miaka mingi baadaye mitaa maskini ya kusini mwa mji iliendelea kununua maji ya magari. Kumfukuza mwenye kosa si sawa na kumfikishia maji mwenye kiu.

Je, maji yasiwe bure?

Mshirika mmoja anaweza kutuuliza: Isaya 55:1 haimwiti asiye na fedha aje anywe bila malipo? Mbona mnazungumza bei na ankara?

Ni swali jema, na tulijibu kwa uangalifu. Isaya anatangaza neema, na neema kweli ni bure kwa anayepokea. Lakini hatufundishi kwamba neema haikugharimu. Imetugharimia mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa maji ya bomba, katika kiwango cha chini cha mambo ya dunia hii. Mto Ruvu ni zawadi ya Mungu, na hakuna mwanadamu aliyeuchimba. Lakini umeme wa pampu, dawa ya kusafishia, bomba la kutoka Ruvu hadi Mbagala, na mshahara wa fundi anayeziba pasipovuja usiku havikushuka kutoka mbinguni. Maji yakitangazwa kuwa bure na asiwepo anayelipa, bomba litaishia pale lilipo. Walio nalo watakunywa bure, na wasio nalo watanunua ndoo.

Taifa letu lilijaribu njia hiyo kwa nia njema. Mwaka 1971 tulianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake, na serikali ikabeba gharama. Kazi kubwa ilifanyika. Lakini fedha za kutunza zilipopungua, pampu nyingi zilisimama, na ulipofika mwaka 1991 lengo lilikuwa bado mbali, ikaja sera ya kuchangia gharama. Tusiwadharau waliotangulia kwa nia ile; walitaka kutii agizo la kumnywesha mwenye kiu. Tujifunze tu kwamba swali la nani alipe halikwepeki, na linapokwepwa hulipwa na mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Nani analipa zaidi leo? Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuchukulie ndoo inauzwa shilingi 100. Mnunuzi wa ndoo atakuwa amelipa shilingi 5,000 kwa uniti moja. Sasa chukua ankara yako ya mwezi huu, utazame uniti moja imekugharimu kiasi gani. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wengi wetu tulio na bomba ndani tunalalamikia bei ya maji, kumbe jirani anayetufulia nguo analipa mara mbili au tatu ya bei yetu, tena akiyabeba kichwani.

Kwa hiyo haki haidai kwamba asiwepo anayelipa. Inadai mambo manne yanayoweza kuandikwa katika sheria na mikataba. Kampuni ihesabiwe kwa kaya mpya ilizofikia kila mwaka, mtaa kwa mtaa, na hesabu hiyo itangazwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gharama ya kuunganishwa isitozwe kwa mkupuo, bali ilipwe kidogo kidogo au ibebwe na wote. Bei kwenye vioski vya maji isimamiwe kwa ukali uleule wa bei ya nyumbani, maana ndipo maskini wanaponunua. Na mtaa usinyimwe bomba kwa sababu tu haujapimwa, kwa kuwa kiu haisubiri hati ya kiwanja.

Majitaka ni ya jirani

Jambo la majitaka tunalisema kwa sauti ndogo, lakini Torati hailionei haya. Kumbukumbu la Torati 23:12-14 inaagiza kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, aende nje ya kambi, na afukie uchafu wake. Sababu inayotolewa ni kubwa kuliko afya: Bwana mwenyewe anatembea katikati ya kambi. Usafi wa choo umewekwa chini ya utakatifu.

Kiuchumi, maji na majitaka ni vitu viwili tofauti. Nikiwa na kiu, kiu ni yangu. Nitatoa fedha haraka. Lakini uchafu ukiondoka kwangu, anayeumia ni aliye bondeni. Ndiyo maana mtu atakopa ili avute maji, na hatakopa ili ajenge shimo zuri. Ndiyo maana pia kampuni ikiachwa ichague yenyewe, itauza maji kwanza na majitaka itayaahirisha. Nayo mitaa inapopata maji mengi bila njia ya kuyatoa, maji yaleyale hurudi kuwa madimbwi.

Wakazi wa Dar es Salaam wanajua maana ya kutapisha choo. Mvua kubwa inaponyesha, mwenye shimo lililojaa hulifungulia usiku, uchafu ukachukuliwa na maji ya mvua kupita milangoni mwa watu. Anaokoa gharama ya gari la majitaka, ambalo mara nyingi halifiki kabisa kwenye vichochoro vyake. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam mwezi Agosti na kuenea mikoa mingi. Hatuwezi kumhukumu mwenye shimo peke yake wakati mji haukumpa njia nyingine. Lakini hatuwezi pia kuliita jambo hilo dogo. Luther, akifafanua amri ya tano, alifundisha kwamba haitoshi kutoua. Ni lazima tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kwa mafundisho hayo, mkataba wa maji usiosema lolote juu ya majitaka umevunja amri ya tano kabla kazi haijaanza.

Kazi ya Kanisa

Sheria yetu inaitaka EWURA kukusanya maoni ya wadau kabla ya kupitisha bei mpya, na ndiyo sababu hufanyika mikutano ya taftishi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji. Haya ni mambo mema, tuyashukuru na kuyatumia. Lakini mkutano wa namna hiyo unapoitishwa, anayekuja ni nani? Anakuja mwenye ankara, na hoja yake ni moja: bei isipande. Asiye na bomba haji, kwa sababu hana namba ya mteja na hajui kwamba kinachojadiliwa kinamhusu. Hivyo mdhibiti mwaminifu kabisa anaweza kusikiliza siku nzima asisikie sauti ya anayehitaji kusikilizwa kuliko wote.

Kanisa ni mojawapo ya mahali pachache ambapo hao wawili hukaa kwenye benchi moja kila Jumapili. Mwenye bomba tatu na mwenye ndoo mbili wanapokea meza moja ya Bwana. Serikali ina orodha ya wateja. Sisi tuna orodha ya majirani, jumuiya kwa jumuiya. Hiyo ndiyo karama tuliyopewa katika jambo hili, na haifanywi na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Basi kila jumuiya ijue ni nyumba ngapi hazina maji wala choo salama, na wazee wa kanisa waandike. Usharika wenye kisima ujiulize juu ya bei yake ya ndoo maswali yaleyale tunayoiuliza kampuni. Aliyejiunganishia maji kinyemela ajue kwamba amemwibia jirani aliye mwisho wa bomba, wala hajaikomoa serikali. Na sisi tulio na bomba tukubali jambo moja gumu. Tukiambiwa kwamba ankara itaongezeka kidogo ili mtaa wa pili uunganishwe, tusiwe wa kwanza kupiga kelele. Tudai kuona hesabu, tudai kuona kaya zilizounganishwa, na ikiwa fedha haikufika huko tupinge kwa nguvu zote. Lakini ikifika, tulipe, tena kwa moyo mweupe, kwa kuwa tunapoomba riziki ya kila siku tunaiomba kwa wingi: utupe sisi, si unipe mimi.

Mkutano ujao wa maoni ya bei ukitangazwa katika wilaya yenu, usharika utume watu wawili. Mmoja awe mzee wa kanisa anayeweza kusoma mahesabu. Wa pili awe mama wa jumuiya ambaye bado anabeba ndoo. Yeye ndiye azungumze kwanza.